Kulinganisha kwa Kiingereza: “Than” Peke Yake Haitoshi

“Mwalimu, kwa nini ‘Meru is short than Kilimanjaro’ ni kosa, na kila mtu anaielewa?”

Nimeulizwa swali hili na vijana wa Usa River wanaosomea kuongoza watalii, na wanafunzi wa kidato cha nne siku chache kabla ya mtihani, na dada mmoja anayeuza shanga na vitenge karibu na Mnara wa Saa hapa Arusha. Kila mmoja alikuja na sentensi yake, lakini kosa lilikuwa lile lile. Nimeona ni heri niliandikie mara moja, kwa kirefu, ili mwenye shida hii apate pa kushika.

Makala haya si ya nadharia. Yanahusu sentensi unazosema kila siku: kumweleza mgeni mlima upi ni mgumu, kumwambia mteja kitambaa kipi ni cha bei nafuu, kujibu swali la mtihani linalokutaka uandike upya sentensi bila kubadili maana.

Kosa linaanzia kwenye Kiswahili chetu

Tazama sentensi hizi mbili:

- Kilimanjaro ni mrefu.
- Kilimanjaro ni mrefu kuliko Meru.

Neno “mrefu” halikuguswa. Kazi yote ya kulinganisha imebebwa na “kuliko”, na ukitaka waweza kuweka “zaidi ya” au “kushinda” mahali pake. Kivumishi chetu hakijui kama kinalinganishwa au hakilinganishwi. Ndiyo maana Mswahili anapovuka kwenda kwenye Kiingereza hutafuta neno moja tu la kuweka mahali pa “kuliko”, analipata “than”, na anaona kazi imekwisha. Hapo ndipo panapozaliwa “high than”, “cold than”, “difficult than”.

Kiingereza kinadai misumari miwili. Fundi akipigilia ubao kwa msumari mmoja, ubao unazunguka. Msumari wa kwanza unapigwa kwenye kivumishi chenyewe: kinaongezwa “-er” mwishoni au kinawekewa “more” mbele. Msumari wa pili ni “than”. Ukisahau wa kwanza, sentensi inaning’inia:

- Si sahihi: Arusha is cold than Moshi.
- Sahihi: Arusha is colder than Moshi.
- Si sahihi: The path is dangerous than the road.
- Sahihi: The path is more dangerous than the road.

Mpangilio nao una shida yake. Wengi husema “Today is cold more than yesterday” kwa sababu vichwani wanasema “baridi zaidi ya jana”. Kwa Kiingereza badiliko linakaa kwenye kivumishi chenyewe, halisubiri nyuma yake: “Today is colder than yesterday.”

Ukitaka kujikagua haraka, kila unaposikia “than” ikitoka mdomoni mwako, rudi neno moja au mawili nyuma. Je, kuna “-er”, au kuna “more”, au “less”, au mojawapo ya maneno yasiyofuata kanuni kama “better” na “worse”? Kama hakuna, sentensi bado ina msumari mmoja.

“-er” au “more”? Hesabu silabi kwa mdomo wa Kiingereza

Kanuni utakayofundishwa kila mahali ni hii:

- Neno la silabi moja hupewa “-er”: high, higher; steep, steeper; cheap, cheaper.
- Neno la silabi mbili linaloishia kwa “y” hubadilisha “y” kuwa “-ier”: easy, easier, heavy, heavier.
- Neno refu hupewa “more”: more difficult, more beautiful, more expensive.

Kanuni ni nzuri, lakini sisi tuna mtego wetu ambao vitabu vya wageni havitaji. Katika Kiswahili silabi nyingi huishia kwa irabu, na ulimi wetu umezoea kumalizia kila neno kwa irabu. Kijana anatamka “koldi” na “stipu”, kisha anahesabu silabi mbili na kuandika “more cold”, “more steep”. Kwa Kiingereza “cold” ni pigo moja. “Steep” ni pigo moja. “Large” na “late”, ijapokuwa zimeandikwa na “e” mwishoni, nazo ni pigo moja kila moja, kwa hiyo “larger” na “later”. Piga makofi huku ukitamka neno bila kuliongezea irabu ya mwisho. Makofi ndiyo kipimo, herufi zitakudanganya.

Tahadhari ndogo za uandishi:

- Neno fupi lenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni hurudia konsonanti: big, bigger, hot, hotter, wet, wetter.
- “Dry” huandikwa “drier”.
- “Tired” na “bored” huchukua “more”, hata kama unazisikia kama fupi: “more tired”, “more bored”.
- Silabi mbili zisizoishia kwa “y” zina tabia mbalimbali. “Narrow” ni “narrower”, “simple” ni “simpler”, lakini “careful” na “patient” huchukua “more”. Hizi zijifunze moja moja kadiri unavyokutana nazo.

Wakorofi ni wachache na hawana njia ya mkato: good, better, best; bad, worse, worst; far, farther au further; much na many, more, most; little, less, least. Yakariri.

Usipigilie msumari mmoja mara mbili

Mwanafunzi akishaelewa kwamba kivumishi lazima kibadilike, mara nyingi anapita kiasi. Anasema “more better”, “more higher”, “the most best”, “worser”. Anatafuta uzito wa “bora zaidi” na “nzuri zaidi sana”. Nia ni njema, lakini “better” tayari ina “more” ndani yake, na “worse” vivyo hivyo.

Ukitaka kuongeza uzito, maneno yapo:

- much: “Kilimanjaro is much higher than Meru.”
- far: “The park is far quieter in April.”
- a bit, slightly: “Miriakamba Hut is a bit warmer than Saddle Hut.”
- even: “It was even colder near the top.”

Usiweke “very” hapo. “Very better” na “very higher” ni tafsiri ya “sana”, na Kiingereza hakikubali. “Very” inakaa na kivumishi kisichobadilika, kama “very high”; kikishabadilika, tumia “much”.

Ukitaka kutaja kipimo chenyewe, kiweke mbele ya kivumishi. Kilimanjaro ina mita 5,895 na Meru ina mita 4,566, kwa hiyo: “Kilimanjaro is 1,329 metres higher than Meru.” Wengi husema “higher than Meru with 1,329 metres”, kwa kuitafsiri ile “kwa” yetu. Ukilazimika kuiweka nyuma, neno ni “by”.

Kuna mwanafunzi aliyenipinga kuhusu ile “more better” kwa hoja nzito. Aliniambia Shakespeare mwenyewe aliandika hivyo, akapewa heshima. Ni kweli. Katika tamthilia ya Julius Caesar, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na tafsiri yake ikachapishwa mwaka 1963, kuna mahali ambapo kivumishi kimepigiliwa mara mbili. Zama zile ilikuwa njia inayokubalika ya kutia mkazo. Leo si hivyo, na msahihishaji wa mtihani wako hatakupa alama kwa sababu Shakespeare alipewa.

Kabla ya kulinganisha, chagua neno lenyewe

Makosa mengine hayatokani na “-er” wala “more”. Yanatokana na kivumishi kilichochaguliwa. Kiswahili kina maneno mapana yanayofunika maneno mawili au matatu ya Kiingereza.

“Mrefu” ndilo linalotusumbua kuliko yote hapa Arusha, kwa sababu tunaishi chini ya mlima na tunauongelea kila siku. Kwa mlima, sema “higher”. Kwa mtu, twiga au mti, sema “taller”. Kwa barabara, mto, mkia na safari, sema “longer”. Ukisema “Kilimanjaro is longer than Meru”, mgeni atafikiri unazungumzia njia ya kupanda au siku za safari, kwa kuwa ni kweli kwamba Meru hupandwa kwa siku tatu au nne na Kilimanjaro huchukua siku zaidi. Sentensi yako ni sahihi kisarufi, ila inajibu swali ambalo hukuulizwa.

“Mkubwa” na “mdogo” zinatutega tukizungumzia ndugu. “My brother is bigger than me” inahusu mwili. Umri ni “older” na “younger”. Lipo pia neno “elder”, linalokaa mbele ya nomino tu: “my elder brother” ni sawa, lakini “he is elder than me” si sawa.

“Rahisi” nalo liangaliwe na kila anayeuza. Bidhaa huwa “cheaper”, bei huwa “lower”. Sema “This one is cheaper” au “The price is lower”. Usiseme “the price is cheaper”. Na ukimaanisha rahisi ya kazi, hiyo ni “easier”.

“More” inashika mkono wa nani?

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo, kwa sababu ndipo palipo na faida kubwa. “More” hubeba kazi nne tofauti, na sentensi hubadilika kulingana na neno lililoshikwa mkono.

1. Ikishika kivumishi, inakipandisha daraja: “a more difficult route”.
2. Ikishika kielezi, inapandisha namna ya kutenda: “Please walk more slowly.” Hii ndiyo “pole pole” yetu ya mlimani.
3. Ikishika nomino, inaongeza idadi au kiasi: “Drink more water.” “We need more porters.”
4. Ikisimama peke yake, inachukua nafasi ya nomino: “Do you want more?” Inaweza pia kukifuata kitenzi: “You should rest more.”

Kwa nini ujisumbue na hili? Soma sentensi hii, ambayo unaweza kuikuta kwenye barua pepe ya kampuni yoyote ya utalii:

“We need more experienced guides.”

Mwandishi anataka nini? Yawezekana “more” imeshika “experienced”: waongoza watalii waliopo hawana uzoefu wa kutosha, anataka wenye uzoefu mkubwa kuliko wao. Yawezekana “more” imeshika “guides”: waliopo wana uzoefu, ila ni wachache. Katika maana ya kwanza kuna watu watapoteza kazi. Katika maana ya pili kuna watu wataajiriwa. Maneno ni yale yale matano.

Kiswahili kinatuokoa hapo bila sisi kutambua, maana tunasema “waongozaji wenye uzoefu zaidi” au “waongozaji zaidi wenye uzoefu”, na nafasi ya “zaidi” inaonyesha wazi. Kwa Kiingereza itakubidi utenganishe mwenyewe:

- “We need guides with more experience.”
- “We need more guides with experience.”

Ukiipokea sentensi ya namna ile, uliza. Ukiiandika wewe, itenganishe.

“Less” na “fewer” nazo hugawana nomino. Kinachohesabika hupewa “fewer”: fewer tourists, fewer tents. Kisichohesabika hupewa “less”: less rain, less water. Mtaani utawasikia Waingereza wenyewe wakisema “less people”. Wewe, kwenye barua ya maombi ya kazi na kwenye mtihani, andika “fewer people”.

Baada ya “than”: mambo matatu ya kuangalia

*Linganisha vitu vinavyolingana.* Kiswahili kinasema: “Hali ya hewa ya Arusha ni ya baridi kuliko ya Dar es Salaam.” Ile “ya” ya mwisho inafanya kazi kubwa, inasimama badala ya “hali ya hewa”. Mwanafunzi akivuka, anaiangusha njiani: “The climate of Arusha is cooler than Dar es Salaam.” Hapo amelinganisha hali ya hewa na jiji. Iokote ile “ya”, uigeuze “that of” kwa umoja na “those of” kwa wingi:

- “The climate of Arusha is cooler than that of Dar es Salaam.”
- “The rooms of this lodge are bigger than those of the old one.”

*Kiwakilishi.* “Taller than I” au “taller than me”? Katika mazungumzo sema “than me”, hakuna atakayekukosoa. Katika maandishi rasmi weka kitenzi, na ubishi utaisha: “taller than I am”. Kitenzi hicho pia huondoa utata. “The doctor helped Neema more than me” ina maana mbili, kama ilivyo “alimsaidia Neema kuliko mimi”. Chagua: “more than I did” au “more than he helped me”.

*Kitu kisijishinde chenyewe.* Kilimanjaro uko Afrika. Ukisema “Kilimanjaro is higher than any mountain in Africa”, umesema ni mrefu kuliko wenyewe. Lazima uweke “other”: “higher than any other mountain in Africa”. Lakini ukilinganisha na bara ambalo mlima huo haumo, “other” inaondoka. Mlima mrefu kuliko yote Ulaya ni Elbrus, mita 5,642, kwa hiyo unasema “higher than any mountain in Europe”. Mwanafunzi akielewa jozi hii, ameelewa jambo ambalo wengi hulikariri bila kujua sababu.

Kwa wenye mtihani, hizi hapa njia nne za kusema jambo moja:

- Kilimanjaro is the highest mountain in Africa.
- Kilimanjaro is higher than any other mountain in Africa.
- No other mountain in Africa is higher than Kilimanjaro.
- No other mountain in Africa is as high as Kilimanjaro.

Katika ile ya nne angalia “as … as”. Wengi huandika “is high like Kilimanjaro”, kwa kuitafsiri “kama”. Unapolinganisha kiwango, “kama” ni “as … as”.

Ukisema “-est”, umetoa madai

Kisarufi hapa pana mambo matatu tu. Weka “the” mbele. Mahali patajwe kwa “in”, usiseme “of Africa” kwa sababu ya “ya Afrika”. Na ukianza na “one of the”, nomino iwe ya wingi: “one of the oldest towns”, si “town”.

Jambo la nne si la sarufi, na kwa anayeongoza wageni ni zito zaidi. “-est” ni madai yanayoweza kuchunguzwa. Bado nawasikia vijana wakisema “Serengeti is the largest park in Tanzania”. Serengeti ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, ni kubwa kweli, lakini Ruaha ni kubwa kuliko hiyo, na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019, inazipita zote mbili. Sentensi imenyooka ilhali habari si ya kweli. Vivyo hivyo usichanganye maziwa: Victoria ni “the largest lake in Africa”, Tanganyika ni “the deepest”. Na Meru ni “the second highest mountain in Tanzania”. Namba inaingia kati ya “the” na kivumishi, wala hakuna haja ya “more”.

“Kadiri unavyopanda, ndivyo baridi inavyozidi”

Sentensi hii utaihitaji kila siku ukiwa mlimani, na wengi wanaikwepa kwa sababu hawajui pa kuanzia. Sura yake ni hii: “the” na neno la kulinganisha, koma, kisha “the” na neno jingine la kulinganisha.

- The higher you go, the colder it gets.
- The more slowly you walk, the better you will feel.
- The earlier we start, the sooner we reach the hut.

Hakuna “than”. Hakuna “as much as”. Neno la kulinganisha linatangulia upande wa kwanza na upande wa pili, na ukilisahau upande mmoja (“the higher you go, it is cold”) sentensi inavunjika.

Maneno yasiyotaka “than”

Ukienda Momella katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha wakati heroe wapo, utamwonyesha mgeni aina mbili: “lesser flamingo”, mdogo mwenye mdomo wa rangi nyeusi-nyeusi, na “greater flamingo”, mkubwa na mweupe zaidi, mwenye mdomo wa waridi unaoishia kwa ncha nyeusi. “Lesser” na “greater” ni maneno ya kulinganisha, lakini hapa yamekuwa sehemu ya jina, hayafuatwi na “than”. Tandala nao ni hivyo: “lesser kudu” na “greater kudu”. Usiseme “this flamingo is lesser than that one”. Ndege mmoja akiwa mdogo kuliko mwingine, ni “smaller”.

Mengine ya kuangalia:

- “Prefer” na “senior” hutaka “to”: “I prefer tea to coffee”, “She is senior to me.”
- “Same” hutaka “as”: “the same as yours”. “Same like” ni kosa letu sote, achana nalo.
- “Different” hufuatwa na “from”.
- “Afadhali” na “bora” zisitafsiriwe kuwa “better I go”. Ukichagua mwenyewe: “I would rather walk than drive.” Ukionya: “You had better put on a jacket.” “Had better” ina onyo ndani yake, usiitumie kumkaribisha mgeni chai.

Kinyume chake, “no sooner” hutaka “than” mahali ambapo sikio letu linadai “when”: “No sooner had we reached the gate than the rain started.” Watahiniwa wengi hukosea hapo. Na kwa jumla, “than” ya kulinganisha ina “a”, “then” ya “kisha” ina “e”. Kosa la herufi moja, lakini linaonekana kwenye kila ukurasa.

“Lakini wageni wananielewa”

Hii ndiyo hoja ninayoipata mara nyingi, na siidharau. Ni kweli, ukisema “this path is safe than that one”, mgeni atakuelewa na kukufuata. Wapo waongoza watalii wazuri sana ambao Kiingereza chao kimejaa makosa haya, na wageni wanawapenda kwa ujuzi wa wanyama na uangalifu wao. Ukiwa mpagazi unayebeba mizigo, au askari wa hifadhi unayetangulia na bunduki kwa sababu ya nyati, sarufi haitakupunguzia heshima.

Ila kuna milango ambayo hufunguliwa na maandishi: barua ya maombi, usaili, ripoti ya ajali, jibu la mteja kabla hajalipa. Hapo hakuna uso wako wala mikono yako ya kusaidia maana. Nimeona kijana mwenye ujuzi mkubwa akinyimwa nafasi baada ya jaribio la kuandika, na karatasi yake niliisoma mwenyewe: ilikuwa na “more better” tatu na “high than” mbili katika nusu ukurasa. Iliniuma, kwa sababu ni makosa ya wiki moja ya mazoezi.

Wiki moja ya mazoezi

Fanya hivi, nusu saa kwa siku:

- Siku ya kwanza na ya pili: andika vivumishi thelathini unavyotumia kazini. Vipige makofi, uviweke upande wa “-er” au “more”.
- Siku ya tatu: chukua bei za vitu kumi Soko la Kilombero, uzilinganishe kwa maandishi. “Tomatoes are cheaper than onions today.” Tumia pia “much” na “a bit”.
- Siku ya nne: linganisha miji, hoteli, barabara, ukitumia “that of” na “those of”.
- Siku ya tano: sentensi tano za “the higher … the colder”.
- Siku ya sita: chukua sentensi moja uiseme kwa njia nne, kama tulivyofanya kwa Kilimanjaro.
- Siku ya saba: jirekodi kwenye simu ukieleza tofauti ya kupanda Meru na kupanda Kilimanjaro kwa dakika tatu, kisha sikiliza na kuhesabu misumari.

Usirekebishe kila kitu kwa siku moja. Na usinyamaze kwa kuogopa kukosea. Ukijikuta umesema “high than”, rudia pale pale kwa sauti: “higher than”. Mgeni hatakucheka, na ulimi utazoea.

Kesho asubuhi, kabla wingu halijaufunika Meru, toka nje uutazame. Sema sentensi kumi za kuulinganisha na milima mingine, kwa sauti, na mwombe mtu wa nyumbani asimame karibu akusikilize.